Swichi gani inafaa drili ya stendi uliyoiunda nyumbani, na namna ya kuifunga

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia hapa Ngamiani, Tanga, akitokea Tongoni, drili yake iko ndani ya kiroba. Yeye ni fundi wa mashua. Wazee wake walitoboa mbao kwa keekee ya upinde. Yeye amejiundia stendi: mguu wa mninga, mabomba mawili ya kupandia na kushukia, na drili ya mkono ya wati 710 iliyokazwa kwa mikanda ya chuma. Ni kazi safi, haitikisiki. Kilichomshinda ni swichi. "Mjomba, nikiigusa tu inatoka mbio. Biti inateleza juu ya mvule, tundu linakaa pembeni."

Asiyejua uundaji wa mashua anaweza kuona ni jambo dogo. Ubao hutobolewa kwanza ndipo msumari uingie, usije ukapasuka. Tundu likienda mshazari, msumari nao utakwenda mshazari, na hapo hakuna kalafati (pamba ya kuzibia mianya ya mbao) itakayozuia maji.

Tulishinda nayo tangu asubuhi hadi alasiri. Haya ninayoyaandika yanafaa drili yoyote ya umeme wa ukutani, volti 230, yenye mota ya kaboni, yaani vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Drili ya betri ina swichi ya umeme wa DC, na usiiweke swichi yake hapa hata kama umbo linafanana.

Hatua ya 1: Hakikisha mbovu ni swichi

Chomoa plagi. Toa kaboni zote mbili uzitazame. Zikiwa zimebaki milimita 5 au 6, badilisha hizo kwanza, maana drili inayokohoa na kurusha cheche nyingi mara nyingi inalilia kaboni. Iliyokufa kabisa, pima waya wa plagi pale unapoingilia kwenye mpini, ndipo unapokatikia. Inayokwenda kasi kamili hata ukiigusa kwa ncha ya kidole, kama ya mpwa wangu, triaki iliyomo ndani ya swichi, kile kifaa kinachodhibiti kasi, imepiga shoti. Hiyo haitengenezeki, inabadilishwa.

Hatua ya 2: Kuchagua

Usiende dukani na jina la drili peke yake. Nenda na swichi yenyewe mkononi, uzilinganishe urefu, upana, na mahali zinapokaa kwenye mpini. Kisha soma maandishi ya ubavuni. Mfano: 6A 250V~ 5E4 T85. Amperi 6 ndio mkondo wa umeme inaoweza kubeba. Alama ya wimbi ni umeme wa AC. 5E4 maana yake imeundwa kuhimili mibonyezo 50,000. Ukikuta 1E4, hiyo ni 10,000 tu, irudishe. T85 ni joto, nyuzi 85 za selsiasi.

Wati 710 ukigawa kwa volti 230 unapata amperi 3 na kidogo, kwa hiyo wauzaji watakuambia ya amperi 4 inatosha. Mimi sikubali. Mota hizi huvuta umeme mwingi sana zinapoanza kuzunguka, na biti ikikwama ndani ya mvule zinavuta zaidi. Chukua ya 6 au zaidi.

Sasa aina. Ipo ya kuwasha na kuzima tu. Ipo ya kupandisha kasi kadiri unavyobonyeza. Ipo ya kasi pamoja na kijiti cha kuifanya drili izunguke kinyume. Kwa kazi ya mbao kwenye stendi nataka ya kasi yenye kigurudumu kidogo juu ya kifyatulio, yaani pale unapobonyeza kwa kidole. Kigurudumu hicho kinazuia kifyatulio kisiingie zaidi ya pale unapotaka, kwa hiyo unaanza tundu polepole bila kidole kutetemeka. Bila kigurudumu, swichi ya kasi kwenye stendi ni nusu ya faida.

Ila usiigeuze kuwa dawa ya kila kitu. Feni ya mota inazunguka pamoja na mota. Ukitoboa tundu kubwa muda mrefu kwa mwendo wa kobe, hewa haipiti na koili zinaungua. Tundu kubwa, tumia gia ya chini kama drili yako ina gia mbili.

Kuhusu kile kitufe cha pembeni kinachoshikilia swichi isirudi: kwenye stendi mimi sikitaki kabisa. Umeme wetu unakatika katikati ya kazi. Umeshaacha drili, umeinama kusafisha unga wa mbao kwenye biti, umeme unarudi, na kitufe kilikuwa kimeshikilia. Swichi nyingi zinakuja nacho, basi kitoe au kikate kabla hujafunga. Mpwa wangu alibisha kwamba kidole kinachoka. Afadhali kidole kichoke.

Hatua ya 3: Fungua mpini

Skrubu zote, nusu moja ya ganda inainuka. Angalia springi isiruke.

Hatua ya 4: Waya

Hapa ndipo drili yangu ya kwanza ilinila siku mbili, kwa hiyo nivumilie.

Kabla hujagusa waya hata mmoja, piga picha kwa simu. Piga tatu, kila upande, mwanga uwepo. Halafu funga kila waya kipande cha plasta uandike namba, na namba hiyo hiyo iandike kwenye tundu lake la swichi. Waya za ndani mara nyingi ni za rangi moja. Mimi nilizichomoa zote kwa pamoja nikiamini nitakumbuka.

Swichi nyingi za sasa hazina skrubu. Waya umesukumwa ndani na unashikwa na ulimi wa springi. Usiuvute kwa nguvu, utakatika na kubaki ndani. Pembeni ya kila waya kuna upenyo mwembamba. Ingiza sindano ya gunia hapo, sukuma mpaka usikie ulimi umelegea, ndipo uvute. Kama swichi yako ni ya skrubu, usipake risasi ya kulehemu kwenye ncha za waya. Drili inatetemeka, risasi inalegea chini ya skrubu, na waya unaanza kupata moto. Pindisha nyuzi vizuri, basi.

Ikiwa umeshachanganya waya kama nilivyofanya mimi, hivi ndivyo utakavyojitoa. Mota ina fildi mbili, yaani koili mbili za pembeni ambazo hazizunguki, na amecha, ile ya katikati inayozunguka, inayopata umeme kupitia kaboni mbili. Umeme unapita kwa mstari mmoja: fildi ya kwanza, kaboni, amecha, kaboni ya pili, fildi ya pili. Weka mita ya kupimia umeme kwenye ohmu. Ncha mbili zinazosoma ohmu chache kati yao ni jozi. Fildi mbili zitasoma karibu sawa. Jozi ya kaboni utaijua kwa sababu ukizungusha amecha kwa mkono namba inachezacheza.

Katika drili nyingi za kurudi nyuma nilizofungua, ncha moja ya kila fildi inakwenda upande wa umeme, ncha nyingine inakwenda kwenye kijiti cha kugeuza pamoja na waya za kaboni. Kijiti kinabadilishana kaboni na kaboni, fildi zinabaki vilevile. (Zipo drili ambazo kugeuza ni kwa kuzungusha kishikilia kaboni chenyewe, hizo swichi yake ina waya nne tu na maisha ni mepesi.)

Kosa langu lilikuwa hili: fildi moja niliigeuza ncha. Mita ilisema kila kitu ni sawa, hakuna shoti, hakuna waya uliokatika. Drili ikawa inanguruma, inatoa cheche na joto, haina nguvu hata ya kutoboa msonobari. Nilinunua kaboni mpya, nikanunua amecha, bure. Fildi zikipishana mwelekeo, sumaku ya moja inaifuta ya nyingine. Ukiona mngurumo bila nguvu, badilishana ncha mbili za fildi moja tu. Ukibadilisha zote mbili, drili itazunguka vizuri lakini kinyume na mshale wa kijiti.

Usitupe kile kiboksi chenye waya kadhaa kilicho karibu na swichi. Hiyo ni kapasita ya kuzuia kelele za redio. Kikiwa kimevimba, nunua chenye alama ya X2 na volti 275 za AC.

Hatua ya 5: Balbu kwanza

Usichomeke moja kwa moja ukutani. Tengeneza waya wa kujaribia ambao balbu ya zamani ya wati 100, ile ya kuwaka kwa uzi, imekaa kwenye njia ya waya wa moto kuelekea soketi ya drili. Balbu ya LED haifai hapa. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na mota haijitikisi, una shoti. Chomoa, rudi hatua ya 4. Ikiwaka hafifu na mota ikazunguka taratibu, uko salama. Jaribu kifyatulio, jaribu kijiti, kila mara mota ikiwa imesimama: kugeuza kijiti wakati inazunguka kunaunguza vidole vya swichi, yaani vyuma vinavyogusana ndani yake.

Hatua ya 6: Kurudisha kwenye stendi

Panga waya kwenye mifereji yake kabla ya kufunga ganda. Waya uliobanwa na ganda utapiga shoti baada ya wiki, si leo. Mkanda wa stendi usifunike matundu ya hewa. Mpwa wangu alikuwa ameyafunika mawili, tukausogeza.

Hewa ya chumvi hapa pwani inakula shaba kimyakimya. Usipake grisi ndani ya swichi, inakusanya unga wa mbao. Kazi ikiisha, puliza vumbi, funika drili kwa kitambaa cha pamba. Mfuko wa nailoni unatoa jasho ndani, na kutu inaanzia hapo.

Jioni alinitumia picha kutoka Tongoni: ubao wa mvule, matundu kumi na mawili kwenye mstari mmoja, na kigurudumu kimewekwa robo.