Jinsi ya kuamua kama komando hata kama kikosi chako ni mabaharia sita na boti ya dagaa

Kwanza niseme ukweli, mie si komando. Jeshi langu lote ni Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Maramba zamani hizo, kulima, kukimbia mchakamchaka na kuimba, basi. Ila miaka sasa ni nahodha wa boti ya dagaa hapa Sahare, Tanga, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji kwenye taa kwa hiyo tunakaa nchi kavu na mie huo ndo muda wangu wa kusoma mambo ya vikosi maalum, si bunduki zao, bunduki hazinihusu, nasoma wanavyoamua. Nilichokikuta kiko kinyume kabisa na muvi. Kwenye muvi komando anaamua palepale risasi zinampita sikioni. Wenyewe maamuzi mazito wanayamaliza kabla hawajaondoka, wameshiba, wamelala, kule mbele wanatekeleza tu.

Kwa hiyo ukiwa unaongoza watu, iwe boti, kijiwe cha bodaboda, mafundi wa ujenzi au kamati ya harusi, anza na hili: tafuta namba yako ya kugeuzia. Yaani kitu gani kikipungua, na kikipungua mpaka ngapi, safari inakufa bila mjadala.

Mfano mzuri ni wa Wamarekani mwaka 1980, walipotaka kwenda kuwakomboa watu wao waliokuwa wameshikwa mateka Tehran, Iran. Kikosi kilikuwa Delta Force, makomando wa jeshi lao, kamanda wao Charlie Beckwith, wamejiandaa miezi kama mitano. Helikopta 8 ziliruka usiku wa Aprili 24 kutoka kwenye meli, na walikuwa wameshakubaliana kuwa kutoka pale jangwani pa kukutania kwenda mbele lazima ziwepo 6 nzima. Njiani moja ikaachwa kwa hitilafu, nyingine ikarudi kwa vumbi, zikafika 6, na katika hizo moja ikaonekana mfumo wake wa haidroliki umekufa. Zimebaki 5. Sasa hebu fikiria presha ya pale, umeshavuka nusu ya dunia, rais anasubiri, vijana wako wana moto, na tofauti ni helikopta moja tu! Nani asingesema twende hivyohivyo Mungu atasaidia? Beckwith akasema hapana. Namba ilikuwa 6, zimebaki 5, tunarudi, na Rais Carter akakubali.

Wakati wa kuondoka helikopta moja ikaparamia ndege iliyokuwa imeegeshwa, wakafa watu 8. Kwa hiyo watu wengi wanaikumbuka kama aibu na kweli ilikuwa msiba, lakini mie kwenye hukumu ya kugeuza sioni kosa. Na kuna somo la pili humo ambalo halisemwi sana, kwamba hata kurudi kunataka kupangwa, maana watu wakishaambiwa turudi wanalegea, au wanaharakisha, na hapo ndo ajali inapotokea.

Mie namba yangu nimeipata kwa machungu. Kuna mwaka wakati wa kusi mashine ilianza kukohoa hata kisiwa cha Yambe hatujapita. Nikaisikia, mabaharia wakaisikia, kila mtu kanyamaza. Kichwani kwangu nahesabu petroli niliyokopa, namfikiria tajiri mwenye boti asubuhi ananipigia simu, nikasema itakaa sawa. Ikazima kabisa saa nane ya usiku na bahari imechafuka, tukachukuliwa na mkondo mpaka alfajiri ndo boti ya wenzetu ikatukuta ikatufunga kamba ikatuvuta, aibu mpaka leo nikipita gengeni wananiita Titaniki. Petroli nilikuwa nimeshaichoma, nisonge mbele au nigeuze isingerudi kwenye dumu, ila kichwa kilichochoka hakioni hivyo.

Na habari ya kuchoka hawa watu wanaijua vizuri. Navy SEALs, makomando wa jeshi la majini kule Marekani, wana wiki yao ya mateso kwenye mafunzo, siku tano na nusu, na usingizi wa wiki nzima ukiujumlisha hauzidi saa nne hivi, maji baridi, mchanga, boti kichwani. Ukitaka kuacha unakwenda kugonga kengele mara tatu unaondoka zako. Wengi wanasema ni ya kupima ukakamavu, sawa, ila mie naona inamfundisha mtu kitu kingine pia, inamwonyesha akili yake inavyokuwa mbovu akichoka. Ukishajijua hivyo hutathubutu kuiachia akili ya saa nane usiku ikuamulie jambo kubwa.

Sasa namna ya kufanya. Kaa mchana na watu wako, kikombe cha kahawa, muandike. Karatasi yetu imebandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la vifaa na ina mistari mitatu tu: mashine ikikohoa mara mbili kabla ya Yambe tunageuza. Petroli ikifika nusu ya tuliyotoka nayo tunageuza hata kama dagaa wanaruka wenyewe ndani ya boti. Taa za kuvulia zikibaki mbili tunageuza. Mwonyeshe na tajiri mapema, akiwa na furaha, akubali kabisa mbele ya watu, ili asubuhi ukirudi mtupu ugomvi uwe na karatasi. Ukiandika mistari kumi na tano hamna atakayeikumbuka.

Halafu amua nani ana ruhusa ya kusema simama. Jeshini kwenye uwanja wa kulengea shabaha mtu yeyote akiona hatari anaruhusiwa kupiga kelele ya kusitisha moto, hata kuruta, na wote wanaacha kwanza, maswali baadaye. Kwetu ana ruhusa hata dogo anayekumba maji. Mwanzo wazee hawakuipenda, ati mtoto atamgeuzaje nahodha, nikawaambia hamgeuzi nahodha, anasoma karatasi ambayo nahodha mwenyewe kaiandika.

Jingine ni kwenda kuona kwa macho yako, na hili hatuhitaji kulisoma mbali. Novemba 1914 Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India waiteke Tanga yetu hii, jemadari wao Aitken akaona kazi ndogo, hakuhangaika kuchunguza mbele kuna nini. Mjerumani von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, akawashusha kwa treni kutoka Moshi, na usiku wa kuamkia tarehe 4 akapanda baiskeli, yeye mwenyewe kamanda, akazunguka mjini na kuutazama. Kwa baiskeli, Tanga, tungesema nini zaidi! Watu hapa wanapenda kuhadithia nyuki, na kweli nyuki waliuma, ila waliuma pande zote mbili. Baiskeli ilikuwa ya upande mmoja. Kwa hiyo mie saa kumi na moja jioni naenda ufukweni Raskazone naitazama bahari, simpigii mtu simu kumuuliza hali. Kama unasimamia harusi, nenda ukumbini ukahesabu viti.

Kuhusu mazoezi sitakaa sana. Makomando wa Marekani waliomvamia Osama bin Laden Abbottabad, Pakistan, Mei 2011, walijengewa mfano wa ile nyumba wakafanya mazoezi, ila uzio wa mfano ulikuwa wa waya na kule kwenyewe ni ukuta mzima, upepo wa helikopta ukakosa pa kutokea, helikopta moja ikaanguka uani. Kazi haikusimama kwa sababu helikopta nyingine za akiba zilikuwa zinasubiri. Nasi tunatembea na plagi za ziada, makasia mawili, na boti moja ya jirani inajua tuko wapi.

La mwisho ni kikao cha baada ya kazi, na hiki ndo kigumu kuliko vyote kwa sisi watu wa heshima nyingi. Jeshi la Marekani wana utaratibu wao, mkirudi mnakaa mnajiuliza tulitaka nini, kimetokea nini, kwa nini imekuwa tofauti, kesho tubadilishe nini, na humo cheo kinawekwa pembeni. Kanuni yangu ni kwamba mdogo anaanza kusema, nahodha anamaliza, maana nikianza mie wote watasema ndio nahodha. Tunafanyia pale mchangani tukinywa chai na mbaazi kabla mtu hajalala, dakika kumi, si zaidi.

Juzi dogo wa kukumba maji kaanza hivi: "Shikamoo nahodha, samahani, lakini jana mashine imekohoa mara tatu, sio mbili. Ile ya kwanza ulijifanya unaimba."

Nilikuwa naimba kweli. Tumeongeza kwenye karatasi kwamba anayehesabu vikohozi ni yeye.