Kuipa kompyuta iliyokaa bure kazi ya fizikia ya chembe

Juzi nilikaa jioni nzima na rafiki yangu tukiiandaa kompyuta yake ya mezani ipige hesabu za wanafizikia wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Muda uliobaki ulimezwa na mstari mmoja uliojificha ndani ya faili, mstari uleule uliowahi kunila wikendi nzima. Ndiyo maana hatua ya 3 ni ndefu kuliko zote.

Mradi unaitwa LHC@home. Ulianza mwaka 2004 na programu ya SixTrack, iliyofuatilia protoni zinavyozunguka kwenye pete ya LHC, mashine ya CERN ya kukimbiza na kugonganisha chembe, yenye kilomita 27, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ili kujua zipi zitabaki kwenye njia yake na zipi zitapotea baada ya mizunguko mingi. Mwaka 2011 ikaja kazi ninayoipenda kuliko zote, ambayo leo inaitwa Theory. Hapo kompyuta yako inaiga migongano ya chembe kwa programu kama Pythia, Herwig na Sherpa, kisha matokeo yanawekwa kando ya vipimo halisi vya maabara. Pale hesabu na vipimo vinapoachana, mwanafizikia anajua pa kuchimba.

Kompyuta iwe yako, au mwenyewe awe amekubali. Ya ofisini usiiguse bila ruhusa.

Hatua ya 1: Sakinisha programu mbili

Anza na VirtualBox, halafu BOINC. BOINC hupokea na kurudisha kazi. VirtualBox huendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ambamo programu za CERN hukuta mazingira yaleyale popote zilipo. Kwenye Linux muingize mtumiaji anayeitwa boinc katika kundi la vboxusers. Usijiunge na mradi bado.

Hatua ya 2: Hakikisha prosesa inaruhusu mashine pepe

Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU. Ukiona "Virtualization: Enabled", sawa. Ukiona "Disabled", ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka kabla ya Windows, uiwashe: kwa Intel tafuta VT-x, kwa AMD tafuta SVM. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, tafuta kwanza ufunguo wa kuifungulia na uuweke mahali pengine, maana kugusa BIOS kunaweza kuifanya Windows iuombe inapowaka.

Hatua ya 3: Imewashwa, lakini kazi hazija

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. BIOS iko sawa, Task Manager inakubali, lakini BOINC inashikilia kwamba mashine pepe hazikubaliki. Sababu ni kumbukumbu. BOINC ikijaribu mara moja tu kuwasha mashine pepe wakati BIOS imeizuia, inaandika hivyo kwenye faili lake na haiulizi tena. Unarekebisha BIOS, unawasha upya mara kumi, nayo inaendelea kusoma jibu la zamani. Ndiyo maana nimekuzuia kujiunga mapema. Kama umeshajiunga, fanya hivi:

Zima BOINC kabisa. Kufunga dirisha hakutoshi. Nenda File, kisha Exit, na ukubali kazi zisimamishwe. Kwenye Linux simamisha huduma yake. Usilipuuze hili: BOINC ikiwa bado hai, itaandika upya faili lake inapozimwa na kufuta ulichorekebisha. Mimi nilirekebisha mstari huo mara nne kabla ya kugundua kwamba programu ilikuwa inaendelea kwa nyuma.

Fungua folda ya data. Kwenye Windows ni C:\ProgramData\BOINC, nayo imefichwa, kwa hiyo andika anwani hiyo mwenyewe. Kwenye Linux ya Debian na ndugu zake ni /var/lib/boinc-client. Nakili faili la client_state.xml, nakala uiweke pembeni, kisha fungua faili lenyewe kwa kihariri cha kawaida cha maandishi, kamwe si Word, na utafute mstari huu:

`<p_vm_extensions_disabled>1</p_vm_extensions_disabled>`

Badilisha 1 iwe 0. Usiguse kingine. Hifadhi kwa jina lilelile, bila .txt kujipachika mwishoni, kisha washa BOINC. Kwenye Event Log, orodha ya ujumbe wa BOINC, karibu na mwanzo, lazima uone toleo la VirtualBox limetajwa. Kama halipo, BOINC haijaiona VirtualBox, na hilo ni tatizo jingine: rudi hatua ya 1.

Kuna mtego wa pili kwenye Windows. Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa mashine pepe, ikiwa imewashwa, inaishika prosesa kabla ya VirtualBox, na mashine pepe zinakuwa nzito au hazianzi. Dalili yake ni alama ya kobe chini ya dirisha la mashine pepe. Kuizima Hyper-V kunaweza kukunyima WSL2 (Linux ndani ya Windows) na Docker (chombo cha watengeneza programu), kwa hiyo anayezitegemea kikazi atafute kompyuta nyingine ya kuchangia. Mimi ningechagua Linux tangu mwanzo. Kobe huyo sijawahi kukutana naye huko.

Hatua ya 4: Jiunge na uchague kazi

Ongeza LHC@home ndani ya BOINC. Halafu, kwenye akaunti yako katika tovuti ya mradi, acha Theory peke yake, na ukatae kupewa kazi za programu nyingine pale Theory inapokosa kazi. ATLAS, programu nyingine ya mradi huu, ni kazi nzuri, ila inataka memori nyingi, nayo kompyuta ndogo itakwama.

Hatua ya 5: Mipaka

Ukitaka kupunguza joto, punguza idadi ya kori (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), asilimia ya muda wa CPU iache 100. Ukiipunguza asilimia hiyo, BOINC itakuwa inasimamisha na kuamsha mashine pepe kila mara, na mashine pepe hazivumilii kukatwakatwa. Weka alama pia kwenye "Leave non-GPU tasks in memory while suspended".

Usiiamini asilimia ya maendeleo ya Theory. Kazi nyingi huisha ndani ya saa kadhaa, chache huchukua siku. Kabla ya kuikatisha iliyochelewa, fungua dirisha la mashine pepe yenyewe utazame idadi ya matukio, yaani migongano, yaliyokwisha kuigwa. Ikiwa inapanda, hata polepole, iache imalize.