Somo: Kujiandikisha Medicare kwa wazee wetu walioko Marekani, na ile 01/01 ya kwenye paspoti

Mtwara kuchele! Hili somo niliahidi tangu mwezi wa 2 nikawa napiga danadana, leo mvua imenifungia ndani hapa Shangani bas acha niandike. Ni kuhusu Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, maana kusini huku watu wetu wako kule wengi tu na mzee akikosea mahesabu ya miezi huko, simu inapigwa huku.

Nianze na mjomba wangu. Kaendesha malori Texas miaka 20 na ushee, raia wa kule, kodi kalipa. Kazaliwa kijijini Newala, siku hamna anayeijua, marehemu bibi alikuwa anasema tu ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru na mikorosho ilikuwa imetoa maua. Walivyomkatia paspoti wakamwandikia 01/01/1960, kama walivyoandikiwa wazee kibao. Sasa Oktoba 2024 akaja kuvuna korosho zake, hela ya mnada ikachelewa, akanogewa na uraka (pombe ya mabibo) na porojo, kila nikimuuliza mjomba bima yako vipi anasema dirisha langu (yaani muda wangu wa kujiandikisha) linafungwa mwisho wa mwezi wa 4, nina muda. Akatua Houston tarehe 9 Aprili 2025. Dirisha lilikuwa limefungwa tarehe 31 Machi.

Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. Kule umri ni 65, sio 60 kama Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya 2003. Dirisha la kwanza lina miezi 7: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Mtu wa tarehe 14 Mei dirisha lake ni Februari mpaka Agosti. Hapo rahisi. Mtego uko hapa: kwa sheria zao mtu anatimiza umri siku moja kabla ya birthday yake, kwaiyo aliyezaliwa tarehe 1 anahesabiwa mwezi wa nyuma. Mwenye 1 Januari katimiza 65 tarehe 31 Desemba, dirisha lake linafunguka 1 Septemba na kufungwa 31 Machi. Mjomba alihesabu Januari kuongeza mitatu akapata Aprili, hesabu nzuri kabisa ila sio ya kwao. Hata walioandikiwa 1 Julai ni hivyohivyo, wao wanahesabiwa Juni. Na usianze kuwaeleza habari za maua ya mikorosho, wao wanaangalia karatasi.

Hatua ya 2, hesabu krediti. Ukifanya kazi na kukatwa kodi unapata krediti, mwisho 4 kwa mwaka, na ukifikisha 40 (yaani kama miaka 10 ya kazi) Sehemu A ya Medicare, ile ya kulazwa hospitali, unapewa bila kulipia kila mwezi. Kama huna 40 lakini mwenza wako anazo unaweza kupita kwa mgongo wake. Wale wa kazi za kulipwa mkononi bila makaratasi, aisee, hapo ndo machozi yanapotokea.

Hatua ya 3, jua unajiandikisha nini, Medicare ina sehemu A, B, C na D. A ni kulazwa hospitali. B ni daktari, vipimo, matibabu ya kwenda na kurudi, hii inalipiwa na karibu kila mtu, kwa mwaka 2026 kiwango cha kawaida ni dola 202.90 kwa mwezi, wenye kipato kikubwa wanalipa zaidi. D ni dawa, inauzwa na kampuni binafsi. C ni kampuni binafsi inakufungia A na B kwenye kapu moja, mara nyingi na dawa humo humo. Lakini huwezi kuruka moja kwa moja kwenye C, lazima uwe na A na B kwanza.

Hatua ya 4, kuomba. Anayepokea tayari pensheni ya Social Security (mfuko wa pensheni wa serikali yao) angalau miezi 4 kabla ya 65 wanamwandikisha wao wenyewe, kadi inakuja kwa posta. Ambaye hajaanza kupokea lazima aombe mwenyewe, kwenye tovuti ya Social Security au ofisini kwao. Mjomba alikuwa anaiacha pensheni ikue, akadhani kadi itakuja tu. Haiji! Na ukiomba kabla ya mwezi wako wa 65, bima inaanza tarehe 1 ya mwezi huo, ukiomba baadae inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata ule uliojiandikisha.

Hatua ya 5, ukichelewa. Kila mwaka kuna dirisha la waliochelewa, 1 Januari mpaka 31 Machi. Mjomba akasubiri kuanzia Aprili 2025 mpaka Januari 2026 bila Sehemu B, alivyojiandikisha ikaanza 1 Februari. A aliipata mapema sababu mwenye krediti 40 anaweza kuiomba muda wowote baada ya 65 na wanairudisha nyuma mpaka miezi 6. Ila kwenye B kuna faini, asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, na wanahesabu mpaka mwisho wa dirisha ulilojiandikishia, sio siku uliyojaza fomu. Aprili 2025 mpaka Machi 2026 ni miezi 12 juu ya alama. Yule wa Mei dirisha lake linafungwa Agosti, angechelewa hivyohivyo akajiandikisha Januari angehesabiwa miezi 7, faini hamna. Mjomba akanitumia picha ya barua Watsap, dole gumba limefunika tarakimu, nikamwambia mjomba toa dole, akatoa: dola 223.20 kwa mwezi, yaani ile 202.90 na asilimia 10 juu yake. Hiyo faini sio ya mwaka mmoja, anatembea nayo muda wote atakaokuwa na B, na kiwango cha B kikipanda nayo inapanda.

Haya, maswali yaliyokuja.

Swali, Masasi: Dada, sister wangu kamvuta mama yetu kule kwa grini kadi, ana miaka 68. Sister kafanya kazi miaka 15, krediti zake si zinamtosha mama?

Jibu: Hapana kaka, krediti za mtoto hazimhesabii mzazi. Mama lazima akae kule miaka 5 mfululizo na grini kadi yake, hapo ndo anaruhusiwa kununua, na miezi yake 7 inahesabiwa kuzunguka mwezi anaofikisha sifa. Bei ya 2026 kwa asiye na krediti kabisa, A ni dola 565 kwa mwezi, weka na B 202.90, jumla 767.90, hiyo karibu milioni mbili zetu kila mwezi! Anaweza kuchukua B peke yake, ila A ya kununua bila B hawakuuzii. Mwambieni sister aulizie mapema bima nyingine za jimbo lake za kumvusha hiyo miaka, asisubiri mama aanguke. Na mama asije kukaa huku mwaka mzima halafu mkadhani ile mfululizo bado ipo.

Swali, Newala: Mume wangu ana 66 bado anapiga kazi ghala moja kubwa Ohio na bima ya kazini anayo. Kachelewa?

Jibu: Hajachelewa shoga. Kama mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi, B anaweza kuiacha mpaka atakapoacha kazi, halafu ana miezi 8 ya kujiandikisha bila faini. Ila anisikilize vizuri: akiacha kazi watamwambia aendelee na bima ya kazini kwa kujilipia mwenyewe, ile wanaita COBRA. Hiyo haisimamishi saa, ile miezi 8 inaanza kuhesabika kazi au bima ya kazini inapoisha, chochote kitakachotangulia. Watu wanakaa na COBRA mwaka na nusu wanajiona wajanja kumbe faini inapanda kimya kimya. Na dawa nazo zina yake, akikaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima ya dawa inayokubalika anaongezewa asilimia 1 ya kiwango chao cha msingi kwa kila mwezi aliokaa bila.

Swali, Lindi mjini: Baba karudi jumla jumla, yuko Lindi, kila mwezi wanamkata hela ya B. Akitibiwa hapa hospitali ya Sokoine inalipa?

Jibu: Hailipi, sio Sokoine, sio Ligula wala Muhimbili. Medicare kwa kawaida inalipa ndani ya Marekani na maeneo yake tu. A aiache ilivyo, haimgharimu kitu. B ndo ya kufikiria. Akiisimamisha halafu miaka 3 baadae akataka kurudi kutibiwa kule, atasubiri dirisha la Januari mpaka Machi na faini yake asilimia 30. Mimi ningemuuliza swali moja tu: una mpango wa kurudi kutibiwa? Kama moyoni hapana, hizo dola 200 zimlipie matibabu hapa hapa. Kama ana ugonjwa ambao kila mwaka lazima aonane na daktari wake kule, aendelee kukatwa.

Swali, Kilwa: Bi mkubwa kapigiwa simu huko aliko, wanataka namba ya kadi wamtumie kadi mpya ya plastiki.

Jibu: Matapeli hao, akate simu. Kadi ya Medicare ni ya karatasi na serikali haipigi simu kuomba namba yako. Akitaka ushauri wa bure kila jimbo lina washauri wanaitwa SHIP, hawauzi bima.

Swali, Mikindani: Mimi sina mtu Marekani nauliza tu, mjomba mwaka huu anakuja?

Jibu: Anakuja mwezi wa 6. Nimemwambia dirisha la kubadilisha mpango wa dawa ni 15 Oktoba mpaka 7 Desemba, yaani katikati ya minada kabisa, kanuna. Anasema mwezi wa 6 nije nione nini, nikamjibu utakuta mikorosho inajiandaa kutoa maua, si ndo birthday yako ya kweli inakaribia.