Kurekebisha Sakafu ya Gari Kuukuu Iliyoliwa na Kutu
Katika gari kama Peugeot 504 ya saluni, ambalo halina chesisi (fremu ya chini) iliyotengana na bodi, sakafu ni sehemu ya uti wa gari, kwa hiyo kuziba tundu kwa gundi na nyuzi za kioo hakutoshi. Ng'oa viti na zulia, kisha gongagonga bati kwa ncha ya bisibisi mpaka ufikie chuma kigumu, kwani kutu hutambaa chini ya rangi kupita tundu linaloonekana.

Tenganisha betri, ondoa mabomba ya petroli na ya breki yanayopita karibu, na uwe na kizimamoto.

Kata sehemu iliyooza kwa grainda, tengeneza kiraka cha bati la unene wa milimita 1 hivi chenye pembe za mviringo, kisha kichomelee kwa nukta fupi, upande huu na ule, ukingoja kila nukta ipoe, maana joto likizidi bati hujikunja. Paka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) juu na chini, ziba maungio, kisha paka rangi.

Kabla ya kurudisha zulia, mwagia maji kioo cha mbele uone kama yanavuja ndani: mara nyingi mpira wake uliochakaa ndio unaopitisha maji.