Kuhama na familia Ujerumani ukiwa na kodi ya kuungaunga: chunga barua ya notisi

Miezi miwili nimelipa kodi ya nyumba mbili. Juni na Julai, Stuttgart na Gelsenkirchen, mshahara mmoja, watoto watatu. Ya Stuttgart ilikuwa euro 1,450 kwa mwezi, na ndani yake hakulala mtu. Shemeji yangu wa Morogoro aliposikia alicheka kwenye simu: "Kumbe mambo safi, una nyumba mbili Ulaya!" Nikabadilisha mazungumzo.

Wazo la kuhama lenyewe lilikuwa zuri, na bado nalitetea. Nilipata kazi eneo la Ruhr, iliko Gelsenkirchen, kule kwenye miji ya makaa ya mawe ambako mgodi wa mwisho ulifungwa Bottrop mwaka 2018. Kodi za kule na za kusini, iliko Stuttgart, ni mbingu na ardhi. Kwa mtu mwenye familia na kipato cha kubana, kuhama ni akili. Kosa langu ni kwamba nilitoa notisi kama tunavyotoa nyumbani.

Nyumbani mnajua inavyokwenda. Unamwambia mwenye nyumba, "Mzee, mwisho wa mwezi wa tano natoka," anaguna, anauliza ufunguo utamwachia nani, yameisha. Mimi nikajiona mstaarabu zaidi. Mwishoni mwa Februari niliandika barua pepe ndefu, Kijerumani safi kilichopitiwa na mwalimu wa mwanangu, nikaituma kwa kampuni inayosimamia jengo. Miezi mitatu ya notisi niliihesabu vizuri kabisa: Machi, Aprili, Mei. Kazi mpya inaanza Juni mosi. Nikasaini mkataba wa nyumba mpya, nikalala usingizi.

Machi 20 ikaja barua. Ya karatasi, kwenye bahasha, kwa posta. Notisi yangu ni batili.

Sheria ya hapa inataka notisi ya nyumba ya kuishi iwe kwenye karatasi na isainiwe kwa mkono, kwa kalamu. Barua pepe si notisi. WhatsApp si notisi. Picha ya barua uliyoisaini ukaipiga na simu, si notisi. Kumwambia mwenye nyumba ana kwa ana, akakupa mkono na kukutakia heri, si notisi. Walikaa na barua pepe yangu wiki tatu wakiitazama tu.

Ningetulia ningeuliza mtu. Sikutulia. Nilichapisha barua usiku uleule, nikasaini, ikafika kwao Aprili 2. Nikajisemea basi, nimepoteza mwezi mmoja, yamepita. Wapi! Mkataba wa Stuttgart tuliusaini wawili, mimi na mama watoto, na waliosaini kuingia ndio wanaosaini kutoka, wote. Sahihi yangu peke yake ilikuwa mapambo. Hilo nalo walinijulisha baada ya wiki tatu, kwa barua. Ya tatu, yenye sahihi zetu zote mbili, niliitia mwenyewe kwenye sanduku lao Aprili 30, na rafiki yangu aliisoma kabla haijafungwa, akaiona ikiingia, akaandika saa. Mkataba ukaisha Julai 31.

Kwa hiyo shika haya, na msomee mwenzako kwa sauti. Karatasi. Kalamu. Sahihi za kila aliye kwenye mkataba. Na iwafikie kabla siku ya tatu ya kazi ya mwezi haijaisha, ndipo mwezi huo uhesabiwe kwenye ile mitatu. Nimesema iwafikie, sikusema uitume. Ukiitia posta tarehe mosi ukamwachia Mungu, ikifika siku ya nne ya kazi umejiongezea mwezi mzima wa kodi. Usianze kubishana kama Jumamosi inahesabiwa au haihesabiwi. Peleka wiki moja kabla ya mwezi kuanza, mjadala ufe. Ukiwa mbali tumia Einwurf-Einschreiben ya posta, barua ya rejista inayotiwa kwenye sanduku lao, utunze risiti. Ukiwa karibu nenda na shahidi, na shahidi awe ameisoma barua, maana wanaweza kusema bahasha ilikuwa tupu. Hayo si masihara.

Kwenye vikundi vyetu kuna wanaoapa kwamba ukileta wapangaji watatu wa kushika nafasi yako unaachiwa mara moja. Nami niliwaamini, nikaleta familia mbili za Waeritrea na mwanafunzi mmoja. Mwenye nyumba kwa kawaida halazimiki kumchukua yeyote, labda mkataba wako useme hivyo. Anachoweza ni kukubali kwa hiari kuuvunja mkataba mapema, Aufhebungsvertrag, na akikubali mdomoni tu huna cha kuthibitisha. Mwombe aandike na asaini. Kabla ya yote soma mkataba wako kama una Kündigungsverzicht, kifungu cha kuahidi kutohama kwa muda fulani. Kinaweza kukufunga mpaka miaka minne. Mimi sikuwa nacho, namshukuru Mungu, kwa sababu wala sikuwa nimekitafuta.

Ningelipa ada ya Mieterverein, chama cha wapangaji, mapema mwaka ule, yote haya yangekuwa hadithi ya mtu mwingine. Ada yao ya mwaka ni sehemu ndogo tu ya kodi ya mwezi mmoja, na ndani yake kuna mwanasheria wa kuisoma barua yako. Sisi tunachangia harusi za watu tusiowajua, chama kama hicho tunakiona ghali.

Sasa dipoziti, wao wanaita Kaution. Kuna ndugu zetu wanaokuja na ujanja wa nyumbani: miezi ya mwisho usilipe, mwenye nyumba "ale dipoziti". Mama mdogo alinishauri hivyohivyo, kwa upendo wote. Mama mdogo, samahani, hapa hilo ni deni, na deni hapa lina kumbukumbu ndefu: nyumba inayofuata watataka Schufa, taarifa ya jinsi unavyolipa madeni yako, na barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hakudai kodi. Ukichafua huko, ghorofa la bei nafuu hulipati hata uwe na mshahara.

La pili ni zito zaidi kwa mwenye bajeti ndogo: usipange kulipia dipoziti mpya kwa pesa za ile ya zamani. Haitarudi siku unayotoka. Hukaa nayo miezi, na sehemu yake wanaweza kuizuia wakisubiri hesabu ya maji na joto. Ila sheria imekupa nafuu ambayo wengi hawaijui. Dipoziti haizidi kodi tupu, bila joto na maji, ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza mkataba unapoanza. Mwenye nyumba akisema lazima yote siku ya ufunguo, mwoneshe kifungu cha 551 cha BGB, sheria ya kiraia ya hapa, kwa adabu, baada ya kusaini na si kabla. Nisameheni, lakini ukianza kumfundisha sheria kabla ya kusaini nyumba atampa mwingine.

Bei ya tangazo ni Kaltmiete, nyumba bila joto wala maji wala takataka. Unayolipa ni Warmmiete, na umeme bado uko nje yake. Wengine hupunguza makadirio ya joto ili tangazo livutie, halafu mwaka unaofuata unaletewa deni la nyongeza. Omba kuona hesabu ya mwaka uliopita, na utaje kabisa kwamba mko watano. Mimi niliomba, ndiyo sababu nyumba ya kwanza niliyoipenda niliikimbia.

Jikoni nenda ukaangalie kwa macho. Nyumba nyingi hazina jiko wala sinki wala kabati, ni ukuta na bomba. Hata taa wameng'oa, nyaya zinaning'inia. Weka bajeti ya jiko la mtumba kabla ya kukodi gari la mizigo.

Dalali halipwi na mpangaji ambaye hakumwajiri, tangu mwaka 2015. Anayetaka pesa kabla hujaona nyumba, eti yuko nje ya nchi na ufunguo atautuma kwa posta, ni mwizi. Ndiyo, hata akiwa na picha nzuri. Ndiyo, hata akiwa Mtanzania.

Unayeishi kwa msaada wa Jobcenter, ofisi ya ajira inayolipa msaada wa kujikimu, pata kibali chao cha gharama za nyumba mpya kabla ya kusaini. Mwenye masharti ya makazi kwenye kibali cha ukaazi aanzie ofisi ya wageni. Anayefanya kazi lakini haimtoshi aombe Wohngeld, ruzuku ya serikali ya kodi ya nyumba, kwenye mji mpya mwezi uleule anaohamia, kwa kuwa inahesabiwa kuanzia mwezi wa ombi na hairudi nyuma. Kujisajili makazi ndani ya wiki mbili, na karatasi ya mwenye nyumba mkononi. Chekechea na shule anza kuuliza kabla ya nyumba. Chekechea nayo ina notisi yake, soma mkataba wake. Siku ya kukabidhi piga picha mita zote.

Watu wa hapa nimewasema sana moyoni mwaka ule. Stuttgart jirani yangu hakunisalimu miaka minne, lakini zamu yangu ya kufagia ngazi ikipita siku moja ananigongea. Huku Gelsenkirchen mzee wa ghorofa ya chini, baba yake alikuwa mchimbaji, alitubebea sofa siku ya kwanza bila kuombwa na kutueleza maisha yake yote hadi saa nne usiku. Ujerumani si moja. Na huo ukaidi wao wa karatasi, nikiwa nimetulia, nakubali unanilinda na mimi. Zaidi ya nusu ya watu hapa ni wapangaji, hakuna anayeona aibu, na mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa simu ya jioni kama nilivyotolewa Sinza nikiwa na mtoto wa wiki sita. Ukikaa zaidi ya miaka minane, notisi yake kwako inafika miezi tisa. Yako kwake inabaki mitatu.

Dipoziti ya Stuttgart ilirudi Februari iliyofuata, pungufu kwa euro 212 za maji na joto. Kati ya hizo, hesabu yao ilionesha, sehemu ni ya Juni na Julai, kwa nyumba tupu.