Kumenya, kuvundika na kukausha arabika nyumbani bila kupoteza daraja

Kwa mkulima wa Kibosho, Machame au Rombo asiye na mtambo wa pamoja karibu, bei ya mnada wa Moshi inaamuliwa uani kwake. Punje moja iliyooza kwenye ndoo inatosha kunukisha kikombe kizima cha muonjaji. Na kwa kuwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima kinachokusanya mazao) huchanganya kahawa za wanachama, ukizembea wewe, jirani yako naye anaumia.

Hatua ya 1: Kuchuma

Chuma nyekundu tupu, urudi kwenye mti uleule kila baada ya siku 10 hadi 14. Mbichi haimenyeki vizuri na huacha ukakasi. Iliyopitiliza huanza kuchacha ingali mtini. Mwaga mavuno kwenye maji na uondoe zinazoelea. Hizo na mbichi zilizoponyoka zianike kando kama buni, yaani tunda zima linalokaushwa bila kumenywa.

Hatua ya 2: Kumenya

Menya siku hiyohiyo, ndani ya saa nane tangu kuchuma. Kahawa ikilala kwenye gunia inapata joto, na ubovu unaoanzia hapo hauoshwi na maji yoyote.

Kabla ya kumimina yote kwenye mashine ya kumenyea, jaribu kwa konzi mbili. Punje zikitoka zimekatwa, kisu cha mashine kimeisogelea mno ngoma inayozunguka; matunda yakitoka mazima, kimekaa mbali. Rekebisha kila mwanzo wa msimu, maana ukubwa wa punje hubadilika kwa mvua. Punje iliyokatwa hugeuka kahawia na kuingiza uozo. Ukimaliza, osha mashine mpaka kwenye meno: punje ya jana iliyonasa humo ndiyo itakayovunda kupita kiasi kesho.

Hatua ya 3: Kuvundika

Kuvundika ni kuiacha kahawa iliyomenywa ichache mpaka ute unaoizunguka punje uachie. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanahesabu saa badala ya kushika kahawa. Tumia ndoo ya plastiki au sanduku la mbao lenye matundu chini, kamwe si debe lenye kutu. Funika. Sehemu zenye joto ute huachia kwa saa 12 hadi 24. Juu mlimani, Julai na Agosti kwenye baridi, unaweza kufika saa 36 na zaidi. Kwa hiyo anza kupima mapema, kisha kila baada ya saa mbili au tatu. Chota konzi, isuuze, isugue kati ya viganja. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza na kulia kama kokoto za mtoni, osha papo hapo, hata kama ni saa nane ya usiku. Usichanganye kahawa ya leo na ya jana kwenye ndoo moja, kwani moja itaoza wakati nyingine ina ute.

Osha kwa maji safi mara tatu au zaidi, mpaka yatoke meupe. Maji machafu yana tindikali, yanaua viumbe wa mtoni: yaelekeze kwenye shimo, mbali na mfereji. Maganda yaozeshe pamoja na samadi, uyarudishe kihambani, kwenye shamba lako la nyumbani.

Hatua ya 4: Kukausha

Kichanja kiwe na kimo cha sentimita 80 hadi 100, kimetandikwa wavu. Ukitandaza unene wa sentimita 2 hadi 3, mita moja ya mraba hubeba kilo 15 hivi za kahawa iliyooshwa, ingali na maji. Kilo 100 za matunda, zikishamenywa na kuoshwa, zinahitaji mita za mraba tatu.

Siku ya kwanza tandaza nyembamba, ichuje maji upesi, na uokote zilizokatwa na zilizotobolewa na wadudu zingali na maji, maana ndipo zinapoonekana. Kuanzia siku ya pili geuza mara nyingi, na funika jua la saa sita hadi saa tisa. Jua hilo hupasua ganda la ndani, punje ikabaki wazi na kupauka. Usiku na kwenye mvua, funika bila huruma. Siku 8 hadi 14 kwa kawaida zinatosha.

Lengo ni unyevu wa asilimia 11 hivi. Bila kipimo, ambua ganda na uume punje: jino likiacha alama, rudisha kichanjani, iliyokauka ni ngumu, ina rangi ya kijani iendayo kijivu.

Hatua ya 5: Kuhifadhi na kupeleka

Gunia safi la katani, juu ya mbao, mbali na ukuta, mbolea na mafuta ya taa. Pima mwenyewe kabla ya kwenda AMCOS: kilo 5 hadi 6 za matunda hutoa kilo moja kavu yenye ganda la ndani. Ukipata pungufu sana, tafuta tatizo kwenye mashine au kwenye mbichi ulizochuma. Andika kilo zako, uzilinganishe na stakabadhi kabla hujaondoka dirishani.