Kubadili oili za Massey Ferguson 135 kabla ya msimu wa kulima Tabora

Somo hili ni la MF 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Ifanye kazi hii Septemba au Oktoba, maana mvua ikishaanza kila mtu anataka alimiwe leo.

Endesha trekta dakika 20 mpaka oili ipate moto. Iegeshe mahali tambarare, shusha mikono ya haidroliki, zima, weka magogo kwenye magurudumu. Oili ya moto hutoka na uchafu wake. Ya baridi inauacha umelala chini ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Injini. Karibu lita 7 pamoja na filta, 15W-40 ya dizeli. Kama filta yako ni ile ya kopo lenye karatasi ndani, mpira wake unakaa kwenye mfereji kule juu. Uchokonoe kwa pini mpaka utoke wote, kisha upake mpya oili kidogo. Mpira wa zamani ukibaki, ukaweka mwingine juu yake, utadhani umebana. Presha ikipanda oili inaruka pembeni, na sampu inakauka upesi. Ukiwasha usikanyage mafuta. Tazama geji ipande kwanza. Zima, subiri dakika 10, pima.

Gia, difu na haidroliki. Hapa ndipo pesa inapopotea. Katika trekta hii gia boksi, difu na haidroliki vinaoga oili moja, kama lita 30. Usiweke gia oili nzito ya 90 ya lori: pampu inashindwa kuivuta, lifti inapanda kwa kusuasua na pampu yenyewe inalia. Haidroliki 68 pekee nayo ni nyepesi mno kwa gia. Nunua oili ya trekta iliyoandikwa UTTO kwenye dumu, yaani oili moja ya gia na haidroliki. Ni ghali, lakini pampu ni ghali zaidi.

Kwa chini kuna boliti za kumwagia zaidi ya moja, ya gia boksi na ya difu. Zifungue zote, ukifungua moja, oili nyingine inabaki. Andaa vyombo vya lita 30, acha ichuruzike usiku kucha. Vumbi la chuma laini kwenye boliti ni la kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole huenda ni cha jino la gia. Safisha, funga, jaza polepole, pima kwa stiki mikono ikiwa imeshuka.

Chujio la hewa la oili. Mwaga bakuli, futa tope, jaza oili ya injini mpaka kwenye alama tu. Ukizidisha injini itainyonya, na inaweza kwenda mbio yenyewe bila kuzimika. Kwa vumbi la kiangazi, bakuli likaguliwe kila siku.

Rejeta. Kama lita 10. Toa maji ya zamani kwenye tundu la chini ya rejeta na la ubavuni mwa bloku, injini ikiwa imepoa. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima cha chumvi. Changanya na kulanti, dawa ya rejeta.

Maswali ya wanachama

*Nzega:* Fundi, oili ya gia imekuwa nyeupe kama maziwa.
Ni maji, ndugu. Angalia kwanza mpira unaofunika shina la mikono ya gia. Huenda umepasuka, na trekta inalala nje. Badili mpira, kisha oili yote. Ukibadili oili peke yake, mvua ya pili itairudisha hali ileile.

*Urambo:* Nimejaza vizuri, lifti hainyanyui kabisa.
Wenzo wa PTO (shafti ya nyuma ya kuzungusha vifaa) umeingia? Pampu inazungushwa na shafti ya PTO. Wenzo ukiwa nje, haipigi. Kama umeingia, pima kiwango tena, halafu safisha chujio la pampu.

*Kaliua:* Tangu nibadili, breki ya kulia haishiki.
Umezidisha oili, au sili ya ekseli imechoka, imevuja hadi kwenye viatu vya breki. Punguza mpaka alama, fungua ngoma uone. Viatu vilivyolowa havifai kuoshwa kwa petroli na kurudishwa. Weka vipya pamoja na sili.

*Sikonge:* Oili chafu naweza kupaka nguzo za banda, mchwa wasile?
Wapo wanaopaka. Ila isiwe karibu na kisima wala bustani ya mboga, na usiimwage chini. Ihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko.